Utafiti si Anasa ya Matajiri: Havana, Saratani ya Mapafu na Sisi

Ipo kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi katika kumbi za mihadhara, katika semina za watumishi wa umma na hata katika mikutano ya wanaharakati, nayo husemwa kwa sauti ya mtu anayedhani amefunga mjadala: utafiti wa dawa mpya za saratani ni kazi ya mataifa tajiri, sisi tusubiri dawa zishuke bei. Kauli hii ina sura ya busara, kwani nchi ambayo zahanati zake hukosa glavu haina sababu ya kujitia uwezo isiokuwa nao. Hata hivyo naipinga. Naipinga kwa sababu historia inaikanusha, na kwa sababu wanaolipa gharama ya kusubiri huko ni wagonjwa ambao hawakuwahi kuulizwa kama wako tayari kusubiri.

Ugonjwa nitakaoutolea mfano ni saratani ya mapafu, hasa ile iliyokwisha kusambaa. Nauchagua kwa kuwa hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi zaidi duniani. Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao milioni 1.8 walikufa kwayo. Uwiano huo wa wanaougua na wanaokufa unaeleza jambo moja: wengi hugundulika wakiwa wamechelewa. Pafu halina mishipa mingi ya kuhisi maumivu ndani yake, hivyo uvimbe huweza kukua kwa muda mrefu kabla mwenyewe hajajua. Akifika hospitali, tayari uvimbe umehamia kwenye ini, mifupa au ubongo, na kisu cha mpasuaji hakina tena la kufanya.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Mtu anakohoa, anakonda, anatema damu, na picha ya kifua inaonyesha doa. Katika nchi ambayo kifua kikuu kimeenea, akili ya kila tabibu hukimbilia huko kwanza, na si kosa lake. Kosa ni la mfumo unaomwacha mgonjwa akimeza dawa za kifua kikuu mwezi baada ya mwezi, huku vipimo vya makohozi havionyeshi kimelea, na hakuna mtu wa kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe wala maabara ya kukisoma. Saratani iliyokuwa hatua ya pili huwa ya nne ndani ya foleni zetu wenyewe.

Tuangalie sasa kilichotokea duniani katika miaka hii ishirini na ushei. Mwishoni mwa karne iliyopita, mgonjwa wa hatua ya nne alipewa tibakemikali iliyomwongezea miezi michache, nayo ikamchosha kweli kweli. Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni moja iitwayo EGFR, na kwamba ni hao hasa waliokuwa wakipata nafuu ya ajabu kwa kidonge kiitwacho Iressa. Mwaka 2007 timu ya Hiroyuki Mano nchini Japani iligundua badiliko jingine, lile la jeni ya ALK, na miaka minne tu baadaye dawa ya kulilenga ilikuwa imeidhinishwa Marekani. Halafu zikaja dawa zinazoondoa breki ambazo uvimbe huweka juu ya kinga ya mwili. Msingi wa dawa hizo uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobeli mwaka 2018. Katika jaribio moja la dawa ya aina hiyo, Keytruda, lililohusisha wagonjwa 305 waliochaguliwa kwa kipimo maalumu cha uvimbe, takriban asilimia 32 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 16 ya walioanza na tibakemikali. Kwa saratani ya mapafu iliyosambaa, hizo ni takwimu ambazo kizazi cha madaktari walionitangulia wasingezisadiki.

Naomba msomaji aangalie vizuri majina na mahali. Waasia hawakukaa kungoja. Ilipoonekana kwamba Iressa inawasaidia wagonjwa wa Asia Mashariki kuliko wa Ulaya, madaktari wa huko waliendesha jaribio lao kubwa, wagonjwa 1,217 katika nchi kadhaa za Asia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yakaifundisha dunia nzima kwamba kinachoamua si utaifa wala sura ya mgonjwa, bali jeni ya uvimbe wake. Mgonjwa aliyekuwa na badiliko la EGFR alinufaika na kidonge. Asiyekuwa nalo alidhurika kwa kupewa kidonge badala ya tibakemikali. Ndiyo maana leo daktari makini hatoi dawa hiyo kabla ya kupima.

Sasa jiulize: uvimbe wa mgonjwa wa Tabora, wa Kisumu au wa Bujumbura una mabadiliko gani? Katika majaribio makubwa yaliyoleta dawa hizi, Waafrika wa bara hili karibu hawaonekani. Kusubiri bei ishuke, basi, hakutoshi. Dawa ikishuka bei, bado tutahitaji kujua nani wa kumpa, na jibu la swali hilo haliuzwi dukani.

Hapo ndipo naombwa, na ni haki kuombwa, mfano wa nchi maskini iliyofanya vinginevyo. Ninao. Ni Kuba.

Mwaka 1980 daktari bingwa wa saratani kutoka Houston, Randolph Lee Clark, alizuru Havana na kumweleza Fidel Castro kuhusu interferoni, protini ya kinga ambayo wakati huo ilitazamwa kwa matumaini makubwa katika tiba ya saratani. Mwaka uliofuata kikundi kidogo cha Wakuba kilikwenda Helsinki kwa Kari Cantell, Mfini aliyekuwa bingwa wa kutengeneza protini hiyo, naye akawafundisha bila kificho. Walirejea, wakajifungia katika nyumba ya kawaida iliyogeuzwa maabara, na mwaka huo huo wa 1981 wakatengeneza interferoni yao. Kisiwa kilikuwa kimekumbwa na homa ya dengue iliyoua watu 158, wengi wao watoto, nayo interferoni ikaanza kutumika hapo hapo. Interferoni haikugeuka kuwa tiba ya kila saratani kama ilivyotarajiwa. Ila ilikuwa imewaachia Wakuba kitu cha thamani kuliko dawa: watu wanaojua kazi.

Watu hao ndio waliozaa taasisi zilizofuata. Kituo cha Imunolojia ya Molekuli kilifunguliwa Havana mwaka 1994. Tafadhali izingatie tarehe hiyo. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika, pato la Kuba lilikuwa limeporomoka kwa takriban theluthi moja katika miaka minne, umeme ulikatika kutwa, watu waliendesha baiskeli kwa kukosa mafuta, na vikwazo vya Marekani vilivyoanza mwaka 1962 vilikuwa vimekazwa. Serikali iliyokuwa na kila udhuru wa kufunga maabara ilifungua nyingine.

Ni kituo hicho kilichotoa CIMAvax-EGF, chanjo ya kutibu saratani ya mapafu iliyosambaa. Neno chanjo lisitupotoshe: haimkingi mtu asiugue. Hupewa mgonjwa baada ya kumaliza tibakemikali ya kwanza. Uvimbe mwingi wa mapafu hukua kwa kuitikia protini moja ya mwili iitwayo EGF, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuziambia seli zikue. Wakuba waliiunganisha protini hiyo na nyingine itokayo kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ili kinga ya mwili iione kuwa ngeni na kuitengenezea kingamwili. Kingamwili hizo huikamata EGF katika damu kabla haijaufikia uvimbe. Saratani haiuawi, inanyimwa chakula.

Matokeo yake nayasema bila kuyapamba. Katika jaribio la awamu ya tatu lenye wagonjwa 405, lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waliokamilisha dozi za mwanzo kama ilivyopangwa waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 12.43, ilhali wenzao waliopata huduma ya kawaida tu waliishi miezi 9.43. Tofauti ni miezi mitatu. Madhara yalikuwa mepesi: homa, baridi, maumivu mahali pa sindano. Wakosoaji wana hoja pia, kwani jaribio halikutumia dawa bandia kwa kundi la ulinganisho, na chanjo haikupambanishwa na dawa za kinga za kisasa kama Keytruda. CIMAvax si muujiza, na atakayekuuzia kama muujiza ana sababu zake.

Lakini miezi mitatu hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Keytruda kwa bei ya Marekani huzidi dola 150,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nchini mwetu hiyo ni dawa ya mwenye kuuza nyumba, na asiye na nyumba hana cha kuuza. Chanjo ya Kuba ni sindano ya msuli, ambayo Wakuba waliishusha hadi kwenye vituo vyao vya afya vya mitaani, ikatolewa kwa mgonjwa bila malipo. Na ubora wake haukuonwa na Wakuba peke yao. Mwaka 2015 kituo cha saratani cha Roswell Park, kilichoko Buffalo katika jimbo la New York, kilitia saini makubaliano na Havana. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu chanjo hiyo ijaribiwe kwa Wamarekani ikiambatana na dawa ya kinga iitwayo Opdivo. Mwaka 2018 taasisi hizo mbili zikaunda kampuni ya ubia. Nchi iliyokizingira kisiwa kwa zaidi ya nusu karne ililazimika kutoa vibali maalumu ili wagonjwa wake waonje kilichopikwa humo. Heshima ya namna hiyo haiombwi mezani pa wafadhili.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kusema kwamba Kuba ni mbali. Kibaha kuna kiwanda cha kutengeneza viuatilifu vya viluwiluwi vya mbu kilichojengwa kwa teknolojia ya Wakuba. Zanzibar imefundisha madaktari wake kwa msaada wa walimu kutoka huko. Kenya ilipokea madaktari bingwa 100 wa Kuba mwaka 2018, ikagombana juu ya mishahara yao, na mwaka 2023 ikatangaza kuuacha mpango huo. Katika mabishano hayo yote sikumsikia mbunge hata mmoja akiuliza jinsi kisiwa kilichokuwa na watu wapatao milioni 11 mwaka 2018 kilivyoweza kuwa na madaktari wa kuazimisha na dawa za kugundua. Tuliagiza watu, mfumo uliowazaa hatukuutazama.

Zaidi ya hayo, tunayo interferoni yetu, na habari yake inauma. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza mbele ya dunia dawa iitwayo Kemron, iliyofanyiwa kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ilikuwa interferoni kidogo ya kumung'unya, na ilisemwa kuwa inawaondolea wagonjwa dalili za UKIMWI. Protini ni ya jamii ile ile iliyowaanzishia Wakuba safari yao miaka tisa kabla. Kemron ilipigiwa ngoma kabla ya majaribio yanayostahili. Shirika la Afya Duniani lilitaka ushahidi, nasi tukalisikia takwa hilo kama dharau ya mzungu. Majaribio yalipofanywa kwa utaratibu, likiwemo lililoendeshwa Uganda, dawa haikuonyesha faida. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Wengi huisimulia Kemron kama ushahidi kwamba Mwafrika asijaribu. Mimi nasoma jambo jingine. Havana na Nairobi zote zilikuwa na rais aliyependa sayansi ionekane. Tofauti ni kwamba Havana ilimtumia rais kuilinda maabara, na Nairobi iliitumia maabara kumpamba rais. Interferoni ya Kuba iliposhindwa kutimiza ndoto zake, watafiti walibaki kazini, wakahamia kwenye swali lingine, wakasubiri zaidi ya miaka ishirini tangu mawazo ya kwanza ya chanjo yao hadi matokeo ya awamu ya tatu. Kwetu dawa iliposhindwa, ari ilikufa pamoja nayo, na miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 2011, maelfu walipanga foleni ya magari kuelekea Samunge kunywa kikombe, na baadhi ya viongozi wakiwemo.

Nisieleweke kana kwamba naitaka Dodoma au Nairobi iwe Havana. Mfumo wa chama kimoja usiovumilia upinzani siutamani, na wanafunzi wangu wanajua hivyo. Kuba ya leo ina uhaba mkubwa wa dawa za kawaida katika maduka yake, na wataalamu wake wengi wamehama. Sayansi yao haikuifanya siasa yao kuwa njema. Funzo ninalolichukua ni dogo zaidi na gumu zaidi: umaskini peke yake haueleza kwa nini hatufanyi utafiti.

Kuna pingamizi la nguvu kuliko yote, nami silikwepi. Kwa nini saratani ya mapafu, ilhali saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaua mama zetu wengi, na inazuilika kwa chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019? Na kwa nini kutafuta dawa ya mapafu huku Tabora na Chunya zikiendelea kulima tumbaku kwa ajili ya soko la nje? Hoja hizo ni za kweli. Kinga itangulie: wasichana wachanjwe, sheria za tumbaku zitekelezwe, jiko la kuni lenye moshi ndani ya nyumba litafutiwe mbadala, kwani moshi huo nao huleta saratani ya mapafu kwa wanawake ambao hawakuwahi kugusa sigara. Ila kinga ya leo haimsaidii aliyekwisha kuugua. Na vitu vinavyohitajika ili tufanye utafiti wa saratani ya mapafu ndivyo vinavyohitajika ili tutibu saratani yoyote: daktari wa patholojia, sampuli inayotunzwa vizuri, sajili ya wagonjwa inayoaminika, maabara ya jeni, kamati ya maadili isiyonunuliwa. Anayejenga hivyo kwa ajili ya mapafu anamjengea pia mgonjwa wa titi, wa koo na wa mlango wa kizazi.

Tena utafiti hauanzi na molekuli mpya. Unaanza na maswali yaliyo wazi. Ni wangapi kati ya wanaotibiwa kifua kikuu bila kimelea kuonekana wana saratani? Uvimbe wa mapafu wa watu wetu una mabadiliko yapi ya jeni, na kwa kiasi gani? Je, dozi ndogo ya dawa ghali yaweza kumfaa mgonjwa kama dozi kamili? Maswali haya hayahitaji kiwanda. Yanahitaji fedha za kudumu, na hapo ndipo tunapojikwaa. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika uliweka lengo la kila nchi kutenga angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya mwaka 2013 iliyotaja asilimia mbili. Malengo hayo hayajafikiwa, Kenya wala Tanzania, na hayatajwi sana siku za bajeti. Kwa hiyo watafiti wetu huishi kwa miradi ya wafadhili: mradi ukiisha, jokofu huzimwa, sampuli huharibika, na kijana aliyefundishwa kwa miaka mitano hutafuta kazi nje. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika jambo hili, kufa si tamathali ya usemi.

Kwa wanafunzi wa tiba na sayansi ninaowafahamu, nasema: swali la utafiti wenu wa shahada litafuteni wodini kabla ya kulitafuta katika orodha ya vipaumbele vya mfadhili. Kwa wanaharakati: mnapodai dawa, daini na kipimo kinachomwonyesha daktari nani wa kupewa dawa hiyo, na daini matokeo ya majaribio yachapishwe hata yakiwa ya aibu. Kwa watumishi wa umma mnaoandaa makadirio ya wizara: fungu la utafiti ndilo hukatwa kwanza kwa sababu maabara haiandamani barabarani. Kila Aprili waheshimiwa wabunge hukusanyika Dodoma kujadili bajeti, na Nairobi hufuata Juni. Mwaka huu, kabla fungu hilo halijakatwa tena, mmoja wenu aandike katika waraka wake, kwa lugha ya kiofisi isiyo na chuki, ni wagonjwa wangapi watakaoendelea kutibiwa kwa kubahatisha kwa sababu ya mkato huo. Na kama takwimu hiyo haipo, aandike hivyo hivyo kwamba haipo, kisha aombe fedha za kuitafuta.